Nilisomea Stima Kwa Simu, Waya Nyeusi Ndio Ilinifunza

Wacha niseme kwanza mimi sikuwa na mpango wowote wa kuwa fundi wa stima. Nilikuwa naketi kwa kibanda cha Mpesa huku Pipeline, Embakasi, kibanda cha wenyewe si changu, saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, na kama umewahi kufanya hiyo kazi unajua kuna yale masaa ya mchana hakuna mtu anakuja, unakaa tu unahesabu floti ileile mara tano.

Kilichonianzisha ni koili, yale majiko madogo ya stima. Wale wameishi Pipeline wanaelewa. Ploti yetu ni gorofa saba, kila floo vyumba kumi na kitu, stima iko ndani ya renti, kwa hivyo landlodi amebandika sheria pale getini: hakuna koili, hakuna pasi, hakuna hita. Na bado kila jioni floo yetu inazima. Keateka anapanda na tochi, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, ananusa kama kuna mtu ameinjika githeri. Siku moja akanigongea mimi, na mimi hata sikuwa nimepika, nilikuwa nimekula mandazi na chai ya thamosi, akaniambia "madam ni wewe, kwako kunanuka." Nilikasirika usingizi ukapotea. Usiku huohuo nikaingia kwa simu kutafuta ni nini hasa huzimisha stima, ju nilitaka kumshinda kwa maneno kesho yake.

Nikapata somo moja la bure, la watu wanaoanza. Mwalimu anasema ukitaka kujua kifaa kinavuta ampea ngapi unachukua wati unagawanya na volti. Sisi Kenya volti ni 240. Koili ya wati 1000 inavuta ampea 4 na kitu hivi. Nikaenda kwa ile boksi ya floo na tochi ya simu nikaona breka, ile swichi hujikata mzigo ukizidi, imeandikwa ampea 32. Nikarudi nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha Mpesa: koili kumi na mbili ni ampea 50. Alafu nikasoma zaidi nikajua breka haianguki papo hapo mzigo ukizidi kidogo, inavumilia, inapata joto, ndio baadaye inaanguka. Mambo yakajipanga yenyewe! Ndio maana tulikuwa hatuzimi saa kumi na mbili watu wakifika, tulikuwa tunazima baadaye githeri ikianza tu kuchemka. Si mtu mmoja alikuwa anatuzimishia, ni floo nzima.

Asubuhi nikamwonyesha keateka ile hesabu. Akaiangalia sana, akaniuliza, "Kwa hivyo nishike watu kumi na wawili?"

Sikumshinda. Lakini kuna kitu kilikuwa kimeniingia. Nilikuwa nimeishi na stima maisha yangu yote nikidhani ni kitu cha bahati, inakuja inaenda, kumbe inahesabika kama floti.

Hivo ndivyo nilijisajili kozi kamili kwa mtandao, ya bure, unalipia tu ukitaka cheti. Mwalimu Mmarekani, anaongea polepole, anachora vizuri. Nilikuwa nanunua bando ya saa moja usiku, nadaunlodi masomo matatu manne, alafu mchana naangalia kibandani na iafoni moja sikioni, sikio lingine nimeachia kastoma. Sheria ya Ohm, sakiti ya mfululizo na ya sambamba, swichi mbili za taa moja ya ngazi. Hiyo ya swichi mbili ilinisumbua wiki nzima. Niliichora hadi kwa risiti. Siku iliponiingia nilisimama peke yangu kibandani nikacheka, mama wa mboga wa jirani akaniuliza kama nimetumiwa pesa.

Nikumbushe pia ile Ijumaa ya Agosti 2023 nchi nzima ilizima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukakaa giza. Pipeline yote nyeusi tii. Majirani walishajua nasomea stima, basi nikasikia mlango unagongwa, "madam, si uangalie kuna nini?" Nikawaambia hii si yangu, hii ni ya taifa. Mmoja akasema sasa unasomea nini.

Cheti kilikuja kwa imeili. Nikalipia, nikaenda saiba nikaprinti ya rangi, nikaiweka kwa plastiki. Nilikuwa najiona mbali sana.

Sasa mjengo. Kando ya steji kulikuwa na gorofa inapanda, nikaingia na kaplastiki kangu kuuliza fundi wa stima ni nani. Walinionyesha mzee mmoja amekaa juu ya roli za waya anakula ndengu. Nikampa cheti. Aliosha mikono kwanza, nampa heshima kwa hilo, akakisoma chote, akanirudishia, akasema, "Msichana wangu, hii imesema unajua kupiga tindo?"

Nikasema hapana mzee.

"Basi tutaanzia hapo."

Niliingia kama mtu wa mkono. Nilikubaliana na mwenye kibanda nifanye Mpesa jioni na wikendi, mchana niko mjengoni. Na hapa ndio nataka kukaa kidogo ju watu wengi wananiuliza kama mtu anaweza kusomea stima kwa simu, na mimi sipendi kujibu ndio wala la.

Kuna video niliangalia ya kupitisha waya ndani ya kondiuti, ile paipu ya nyaya inayofichwa ndani ya zege. Dakika nne. Jamaa anaingiza waya wa kuvutia upande huu, unatokea upande ule, anafunga nyaya zake, anavuta, kwisha. Mimi yangu ya kwanza ilichukua kutoka asubuhi hadi wakati wa lanchi. Watu wa zege walikuwa wamekanyaga kondiuti kabla slabu kumwagwa, mahali imelala bapa, mahali pembe imekunjwa kali sana, na simiti imeingia kwa jointi. Nilivuta hadi viganja vikatoka malengelenge juu ya malengelenge ya tindo. Mzee akaja akaangalia, akatuma kijana dukani alete sabuni ya kipande, tukapaka nyaya zote, tukavuta pamoja yeye akisukuma upande ule, na kila akisukuma anapiga mluzi ili nivute wakati huohuo. Ikapita. Hakuna mahali kozi ilisema ulete sabuni na mtu wa kupiga mluzi.

Lakini pia sitaki kudanganya kwamba simu haikunisaidia. Ilinisaidia sana. Kuna vijana niliwakuta pale wamefanya miaka mitatu na hawajui ni kwa nini soketi inapewa waya ya 2.5 na taa ya 1.5 (huo ni unene wa waya, milimita za mraba), wanajua tu hivyo ndivyo hufanywa. Ukiwauliza kukiwa hakuna 2.5 dukani utafanya nini, mmoja alisema unaweka mbili za 1.5. Mimi nilikuwa naweza kumwambia joto linatoka wapi. Mzee mwenyewe hesabu hakupenda, alikuwa na majibu yote kichwani kutokana na miaka, na tulipofika mahali pa kupanga mzigo wa jikoni alianza kunipa kalamu bila kusema kitu.

Kitu kingine simu haikunipa ni ringi. Kwa kozi ya Mmarekani soketi zinafuatana kwenye laini moja hadi mwisho. Huku tumerithi mtindo wa Waingereza: waya inatoka kwa boksi, inazunguka soketi zote, alafu inarudi kwa boksi palepale ilipotoka. Walianza hivyo baada ya vita vya pili vya dunia wakitaka kuokoa shaba, na ndio sababu plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi yake ndani, ju ringi inalindwa na breka ya 32 na hiyo ni kubwa sana kulinda kawaya kembamba ka redio. Miaka yote nimefungua plagi nikaona hako kafyuzi nikidhani ni ka kuuzia watu.

Sasa nifike kwa kosa langu.

Mwaka wangu wa pili hivi na mzee, nikaanza kupata vikazi vyangu vya pembeni. Mama mmoja Buruburu, zile nyumba za miaka ya 70, alikuwa amepakwa rangi sebuleni, na mtu wa rangi alikuwa ametoa soketi tatu za zamani akazitupa, nyaya zimebaki zinaning'inia zimefungwa tepu. Kazi ndogo, soketi mpya tatu. Nikazima meini kwanza vile inafaa, nikafungua tepu, nikakuta nyekundu mbili, nyeusi mbili na kijani kwa kila shimo.

Mjengoni nilikuwa nimezoea rangi mpya, kahawia ni laivu (yenye moto), buluu ni nyutro (ya kurudisha), kijani na njano ni athi (athi ya kwenda ardhini, sio ya Athi River). Nyekundu na nyeusi nilikuwa sijazishika kwa mkono. Sasa kichwa kikaenda kutafuta nyeusi kikaipata wapi? Darasa la kwanza la Mmarekani. Kwao nyeusi ndio ina moto, na nyutro ni nyeupe. Nilikuwa nimelikariri hilo kama wimbo. Nyekundu ilinitia shaka kidogo, nakubali, nikasimama hapo na bisibisi, alafu nikajiambia nyeusi ni laivu, nikaendelea. Ningeweza kupiga simu kwa mzee. Sikupiga ju nilitaka iwe kazi yangu.

Na hii ndio sehemu hadi leo hunipa baridi: nilipowasha meini, kila kitu kilifanya. Nilichomeka chaja, simu ikachaji. Mama akachomeka redio ikaimba, akachomeka pasi ikapata moto. Akanilipa na akaniongezea ya nauli. Nilirudi Pipeline nikijisikia fundi.

Jioni mzee akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia poa, zote zinafanya. Akasema, "Sijauliza kama zinafanya. Umetesti?" Nikaanza kuelezea nyaya zilikuwa rangi gani, na nilipofika kwa nyeusi akaacha kula.

Asubuhi tulipanda matatu pamoja, nauli alilipa yeye. Njiani hakuongea. Tulipofika akamwambia yule mama, "Tumerudi kukaza skrubu, mama, huyu msichana huwa hapendi kazi iache kitu." Mama akafurahi, akaenda kutuwekea chai. Mzee akatoa testa yake, akabonyeza tundu la juu la soketi kufungua kile kifuniko cha ndani, akaingiza testa tundu la kulia. Kimya. Kulia ndiko laivu inafaa kukaa. Akaingiza kushoto. Ikawaka. Alafu akazima swichi ya soketi, hiyo ya kubonyeza, akaingiza tena kushoto.

Bado inawaka.

Swichi inakata upande wa laivu pekee. Mimi nilikuwa nimepeleka moto upande ule mwingine, kwa hivyo yule mama akizima soketi yake akidhani amezima, moto uko palepale unangoja. Pasi ikiharibika, fyuzi ya plagi inakatika, pasi inapoa, mtu anasema imekufa anaifungua, na ndani bado iko na 240. Inaweza kukaa hivyo miaka kumi bila mtu kujua, redio ikiimba.

Tulibadilisha zote tatu. Mikono ilikuwa inanitetemeka hadi skrubu zinaanguka. Mzee alikunywa chai, akasifu rangi ya ukuta. Ni tukiwa steji ndio alisema kitu. "Nyeusi ni nini?" Nikasema, mzee, kule Marekani nyeusi ni... Akanikata, "Hapa ni Buruburu."

Tangu hiyo siku sijawahi kuamini rangi. Naamini testa, na hata testa yenyewe naijaribu kwanza kwa soketi ninayojua ina moto kabla niiamini ikinyamaza. Na zile video sikuziacha, lakini nilianza kuangalia kitu kimoja kabla ya kuangalia kingine chochote: huyu anaongea kutoka nchi gani. Akisema volti 120 najua hizo ni za kuelewa tu, si za kufuata na mkono. Nikatafuta masomo ya Waingereza ju kanuni zao za nyaya ziko karibu zaidi na zetu. Ningejua hivyo mwanzo ningeokoa bando nyingi.

Baadaye kulikuja kazi ya shawa Donholm, na hii nataka kuisema ju najua kuna mtu anasoma hapa na shawa yake inamfanyia hivyo. Jamaa alisema akiwa anaoga akigusa mfereji anahisi sindano. Ati ni kidogo, amezoea. Nikafungua nikakuta fundi aliyetangulia amekata waya ya athi akaifunga tepu vizuri sana, kazi safi ya kupendeza. Nikamuuliza mwenye nyumba, akasema zamani kila mtu akioga ile swichi ya usalama ilikuwa inaanguka, huyo fundi akaja dakika kumi akaimaliza hiyo shida. Ndio aliimaliza. Zile shawa za kuchemsha papo hapo maji yanapita karibu kabisa na koili yenye moto, na kukiwa na uvujaji, athi ndio huupeleka ardhini na ile swichi ya usalama, ya miliampea 30, ndio hustuka ikakata. Ukikata athi uvujaji haujaisha, unabaki umengoja mtu mwenye maji mwilini asimame hapo awe ndiye waya. Na waya iliyokuja hapo ilikuwa ya 2.5 wakati shawa ni wati 5500, hiyo ni karibu ampea 23, imefungiwa ndani ya ukuta mahali joto halitoki. Tuliivuta upya, tukaweka ya 6 na breka yake peke yake, tukabadilisha shawa pia. Jamaa alilalamika bei. Akaniuliza ni kwa nini yule mwingine alichukua kidogo.

Sina jibu la hiyo swali hadi leo. Kazi mbaya ya stima huwa haijionyeshi, inawaka tu kama nzuri, na kastoma analipa kile anaona.

Mambo ya makaratasi nitapita haraka. Kile cheti cha plastiki hakikunifungulia mlango hata mmoja. Nilienda NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, pale Industrial Area nikafanya mtihani wa gredi ya 3, kuna maandishi na kuna ya mkono. Ya maandishi nilimaliza mapema, asante Mmarekani. Ya mkono kulikuwa na kijana kando yangu anafunga swichi mbili za taa moja, ametulia tu mikono inajua, na mimi nachora kwanza kwa karatasi vile nilizoea kwa risiti. Tulimaliza pamoja, na tukapita wote. Sasa bado niko chini ya leseni ya mwenye kampuni tunayomfanyia kazi mimi na mzee, ju kufanya peke yako kisheria unafaa leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ile ya chini kabisa inaitwa C2, na hiyo ndio nasomea sasa. Kwa simu, ndio. Kibanda cha Mpesa niliacha.

Watu wakifungua geti bado huangalia nyuma yangu wakitafuta fundi. Zamani ilikuwa inaniuma, siku hizi naweka ngazi chini nauliza meini iko wapi.

Na mzee naye, kuna kitu kimebadilika. Watu wameanza kuitisha sola sana, na hiyo yeye hakuwahi kuifanya, kwa hivyo wakati wa lanchi tunakaa juu ya roli za waya, anavaa miwani, anasema hebu weka yule wako tuone. Mwanzo alikuwa anacheka lafudhi, siku hizi anakaa kimya anaangalia hadi ndengu inapoa. Juzi tulikuwa tunaangalia jamaa anafunga paneli juu ya bati, anaeleza vizuri kabisa, fremu, nyaya, inveta, na mimi nikitikisa kichwa nakubali, mara mzee akaweka kidole juu ya skrini.

"Simamisha. Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Hiyo fremu ni ya chuma. Athi yake iko wapi?"

Tukaangalia tena kutoka mwanzo, polepole, vichwa viwili juu ya kasimu kamoja. Hakuwa ameiweka.